Namba Zapanda, Maski Haziuziki

Mimi ni fundi cherehani wa Majengo, Mombasa, na nina kesi na zile namba za korona. Zilinila pesa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwezi wa nne mwaka ule wa 2020 nilikaa kwenye kigoda nikapiga hesabu. Shule zimefungwa, kwa hivyo sare hakuna. Arusi hakuna. Misikiti ina makufuli na Ramadhani hiyo yaingia, na kanzu za Idd ndizo zinazonilipia kodi ya duka mpaka Agosti. Wateja walikuwa wanapiga simu kuuliza bei halafu wanajijibu wenyewe: "Lakini kanzu ya nini, fundi, na swala naiswalia sebuleni?" Wanakata. Basi nikajiambia, nitashona maski. Si kila mtu ana kanzu, lakini kila mtu ana mdomo.

Redioni waliita barakoa. Mtaani ukisema barakoa unaulizwa huyo ni shehe wa wapi. Maski.

Na hesabu yangu ilikuwa nyepesi mno: wagonjwa wakizidi, hofu itazidi, hofu ikizidi, maski zitauzika. Hata mtoto wa darasa la pili angeipata. Ndiyo maana nilifilisika, kwa sababu sisi hatuendi kwa hesabu ya darasa la pili.

Kumbuka tulivyoanza. Tarehe 13 Machi waziri wa afya, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza. Mmoja, bwana! Nchi nzima, mtu mmoja! Mji ukatetemeka kama umepandwa na pepo. Tarehe 15 wakawa 3. Mzee wa kahawa, ambaye tangu nimjue anasuuza vikombe vya barza nzima kwenye ndoo moja, maji rangi ya kahawa yenyewe, siku ile alikwenda akanunua ndoo ya pili. Watu wakaacha kushikana mikono, wakawa wanagonganisha viwiko kama majogoo. Jirani yangu akirudi sokoni alikuwa anavuliwa nguo barazani na mkewe, anamwagiwa maji ya Omo, anaingizwa ndani na kikoi kilicholowa, na majirani wote tumekaa tunatazama. Watatu hao! Na wote watatu wako Nairobi!

Mama wa mahamri ndiye aliyetia fora. Alijifukiza kwa mwarobaini, mchaichai na ndimu mpaka mvuke ukatoka dirishani, vijana wakaja mbio na ndoo za maji wakidhani nyumba yaungua. Walimkuta chini ya blanketi, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, anauliza nani amefungua mlango.

Halafu kafyu. Saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri, kuanzia tarehe 27 Machi. Siku hiyo ya kwanza waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni kuwahi muda walikutana na marungu na gesi ya machozi. Yaani tumeambiwa tusikaribiane na tusikoholeane, halafu tukapigwa kitu cha kutusonganisha ukutani tukakohoa wote kwa pamoja. Mimi nilifika nyumbani saa 3 usiku, macho kama pilipili, na mke wangu akanikataza kuingia ndani kwa sababu nakohoa.

Basi serikali ikatangaza: ukionekana hadharani bila maski, faini ya shilingi 20,000 au miezi 6 ndani. Nikasema sasa ndiyo yangu. Kitambaa nilichokuwa nacho ni mabaki ya sare za shule, kwa hivyo wiki ya kwanza mtaa wetu wote ulifanana na gwaride la darasa la nne: wazee wa kijani, mabinti wa kijani, muuza madafu wa kijani. Sare zilipokwisha nikageukia leso, yaani khanga. Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba leso ina jina na jina lina mwisho wake. Kipande kimoja kilikuwa kimeandikwa maneno marefu, "Usinione nimenyamaza, yote nayasikia." Nilipokata, nikakunja malinda matatu, nikatia lastiki, nikaitundika msumarini bila kuisoma. Mama wa mahamri akaipenda rangi, akailipia, akaivaa papo hapo. Mdomoni, kwa herufi kubwa nyekundu: NIMENYAMAZA.

Mama wa mahamri huyu! Mtu ambaye akianza kusimulia asubuhi, adhana ya adhuhuri inamkuta kwenye utangulizi. Barza ilicheka siku tatu. Siku ya nne alinirudishia, akadai pesa zake, na nikampa, kwa sababu mkononi alikuwa na mwiko.

Lakini usidhani biashara ilikuwa rahisi. Mteja anafika, anashusha maski msumarini, anaivaa, anavuta pumzi mara mbili, anasema "hii inanibana," anairudisha. Anachukua nyingine, anavaa, anapuliza, "hii ina harufu ya duka," anairudisha. Nyuma yake kuna mwenzake anazipokea zikiwa moto moto kama mahamri. Nikaandika kwa chaki ukutani: HAKUNA KUJARIBU. Wakanijia juu: "Fundi, nitajuaje kama inanienea?" Mimi hapo nashona kinga ya maradhi na duka langu ndilo lenye mzunguko wa mate kuliko nyumba nyingine yoyote ya Majengo.

Tukaingia mwezi wa tano. Tarehe 6 wakafunga Mji wa Kale, hakuna kuingia wala kutoka, kwa sababu wagonjwa wamezidi huko. Mimi nikaongeza kitambaa. Nikamwambia mke wangu, kutoka hapa mpaka Mji wa Kale ni mwendo wa kumaliza miwa, watu watatishika. Thubutu! Nilimsikia kijana wa tuktuk kwa masikio yangu akisema: "Hiyo ni korona ya Old Town, huku haijafika." Kama kwamba kirusi nacho kimesimamishwa pale kizuizini kikaulizwa kitambulisho.

Na kwa taarifa yako, hao wa Mji wa Kale nao waliwakimbia wapimaji. Nilimpigia mteja wangu mmoja huko. Akaniambia, kupimwa apimwe nani, ukipimwa ndipo unapougua.

Wiki ya tatu ya mwezi huo nchi ikapita wagonjwa 1,000. Nikakaa nikingoja foleni. Siku hiyo niliuza maski 2, na moja nilimkopesha imamu.

Sasa ngoja nikueleze jinsi zile namba zilivyokuwa zikipokelewa, maana nilikuwa na redio dukani na kila alasiri barza ilikuwa inahamia mlangoni kwangu kusikiliza. Umbali wa mita moja na nusu walikuwa wanaupima kwa mkeka, na mkeka wenyewe ni mmoja. Zikisomwa kaunti, wanatega sikio kama ligi. "Nairobi…" Aaah! "Mombasa…" Haya! Tuko wa pili! Nakuapia, kuna mtu alipiga makofi. Na siku ambayo Kiambu ilitajwa kabla yetu, kuna kijana alikasirika kabisa: "Kiambu? Kiambu wana nini wale?"

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, yeye alishajua ukweli wote. Namba zikishuka, wanaficha. Zikipanda, wanawatafutia wazungu sababu ya kutoa pesa. Zikibaki pale pale, wamesahau kubadilisha karatasi. Nilimuuliza, mwalimu, namba gani wakiitaja utaikubali? Akafikiri. Akasema, "Ile ya kwanza ilikuwa sawa."

Shemeji yangu wa Tanga ndiye aliyenimaliza. Alikuwa anapiga simu jioni kutupa pole, sauti ya mtu aliyekaa upepo. "Nyinyi mko ngapi leo?" Namwambia. "Loh! Sisi bado 509." Wiki ijayo: 509. Mwezi ujao: 509. Tanzania walisimama hapo mwanzoni mwa Mei kama saa iliyokwisha betri. Mwezi wa tano Rais Magufuli akasema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa kupimwa zikaonekana na korona, na shemeji akacheka simuni mpaka akaishiwa salio. Huku kwetu mama wa mahamri alianza kuosha papai kwa sabuni. Nilimwambia, mama, walikuwa wanasema kipimo ndicho kibovu. Akaniambia, "Kipimo nitakijuaje mimi? Papai nalijua."

Na kabla ya hapo tulishasikia kisa cha wale waliotoka Nairobi kwenda Homa Bay na jeneza tupu. Barabara zimefungwa, lakini msiba unapita. Basi wakapata jeneza, wakavaa sura ya huzuni, wakapita vizuizi vyote wakipewa pole. Walipopimwa, virusi vilikuwa ndani ya gari pamoja nao. Waziri mwenyewe alikisimulia kisa hicho kwa uchungu. Barza yetu ilikisikiliza kimya, halafu mzee wa kahawa akauliza jeneza kama hilo ni shilingi ngapi.

Mimi nilikuwa bado nangoja namba zinisaidie. Mpaka siku nilipokwenda benki. Nimefika mlangoni, askari wa lango hamwingizi mtu bila maski, na pembeni amekaa kijana namjua, ana maski moja ya kijani kwenye kidole anaizungusha. Namwangalia, naiangalia maski. Malinda matatu, mshono wangu. Anakodisha. Shilingi 10 kuingia nayo na kutoka. Alinunua kwangu kwa 50, na kwa hesabu aliyonipa mwenyewe bila haya, asubuhi ile ilikuwa imeingia benki mara 19. Watu 19, maski moja! "Naianika juani kidogo, fundi," akaniambia, kama ananitoa wasiwasi.

Na tuktuk nazo zilikuwa na yao, inaning'inia kwenye kioo cha mbele pale penye tasbihi. Hiyo ni ya abiria. Mkikaribia kizuizi dereva anamrushia wa nyuma, "Vaa, vaa, vaa!" Mkipita anaidai. Mkiwa abiria wawili, mmoja anavaa na mwingine anajifanya amelala.

Hapo ndipo nikaona ujinga wangu. Mimi nilikuwa nasikiliza redio wakati ninaopaswa kuusikiliza ni mlio wa Land Cruiser. Gari la polisi likiingia mtaani, dakika tano nauza maski 8. Anayekosa anavuta kola, mwingine anashika kikoi mdomoni, mama anavuta mtandio, kuna mzee nilimwona amejiziba kwa kofia yake ya vito, ile ya Idd. Gari likitoka, videvu vyote wazi. Kagwe asome wagonjwa 100, asome 500, kwangu haingii mtu. Polisi akipiga chafya kule Mwembe Tayari, nauza.

Julai ikaja na mambo yake. Tarehe 7 wakafungua njia za Mombasa na Nairobi, tarehe 13 treni ya SGR ikaanza tena kubeba abiria, na siku hizo hizo ndizo tulipovuka wagonjwa 10,000. Elfu kumi! Wale watatu wa Machi walitufanya tumwagiane Omo. Hawa elfu kumi tuliwapokea tukila viazi vya karai. Mzee wa kahawa amerudi kwenye ndoo moja, ile ya pili anafugia kuku. Maski zimeshuka kidevuni, na nitasema kwa kiburi cha fundi kwamba mwezi ule hakukuwa na videvu duniani vilivyokingwa vizuri kuliko vya Mombasa. Bei nayo ilishuka kutoka 50 mpaka 20, kisha zikaja zile za karatasi za 10, na mimi nimebaki na maski 140 zimetundikwa kama mishikaki isiyo na mnunuzi.

Tarehe 26 Julai, Jumapili, niko dukani peke yangu, redio inasoma: wagonjwa wapya 960. Haijawahi kutokea. Mke wangu alikuwa ameniletea chai. Akaniuliza, "Ngapi?" Nikasema, "Mia tisa na sitini!" Sijui sauti yangu ilitoka vipi. Akaweka kikombe chini polepole. "Na wewe unachekelea?"

Nikasema sichekelei. Nikasema ni mazoea ya mdomo tu. Akaniangalia mpaka chai ikapoa, akaenda zake.

Hazikupita dakika kumi, kivuli mlangoni. Polisi, wawili. Na mimi, fundi wa maski, uso wangu mtupu kama sahani, maana joto la Mombasa ni lile lile na ndani ya duka hakuna upepo. Nikapeleka mkono nyuma bila kugeuka, nikashika ya kwanza niliyoigusa, nikaivaa. Yule mkubwa akanisogelea. Akainamisha kichwa akasoma mdomo wangu, herufi kwa herufi.

"Umenyamaza nini?"

Sikujibu. Ningejibu nini?

Akacheka mpaka bunduki ikatikisika begani. Halafu akaangalia ukuta, akapita chini ya tangazo langu la chaki, akashusha moja ya kijani. Akaivaa, akavuta pumzi mara mbili, akairudisha msumarini.

"Hii inanibana," akasema, akanyoosha mkono kwa nyingine.