Pampu Ikiharibika Aitwe Nani? Misaada ya Kikristo Vijijini

Pampu ya mkono haiharibiki kwa siku moja. Mpira wa pistoni huchakaa polepole, mpini ukawa mwepesi, maji yakachelewa kupanda, hadi asubuhi moja mpini unapanda na kushuka bila hata tone kutoka. Kijiji chenye fundi, spana na akiba ya kamati ya maji humaliza matengenezo upesi. Kijiji kisicho navyo hurudi mtoni na ndoo, huku kibao chenye jina la wafadhili kikiendelea kusimama kando ya kisima. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kuipimia kazi ya misaada ya Kikristo vijijini.

Wanaoitetea kazi hii wana hoja nzito. Waraka wa Yakobo unauliza yafaa nini kumwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa mahitaji ya mwili. Kwa Mkristo anayeyachukulia maneno hayo kwa uzito, kuchimba kisima si kazi ya pembeni baada ya ibada, bali ni sehemu ya imani yenyewe. Imani hiyo imezaa mipango iliyofikiriwa vizuri. Shirika la Heifer, lililoanzishwa mwaka 1944 na Dan West, mkulima wa Marekani na muumini wa Kanisa la Brethren, liliweka sharti kwamba familia inayopewa ng'ombe itoe mtamba wa kwanza kwa familia nyingine. Sharti hilo dogo lina maana kubwa, kwa sababu linamfanya aliyepokea jana kuwa mtoaji kesho, na heshima yake mbele ya majirani haipotei. Hata hivyo, ng'ombe anahitaji malisho, maji na dawa, na kumkabidhi kwa familia isiyo na malisho ni kuiongezea mzigo.

Historia ya pampu za India inaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Wakati wa ukame wa miaka ya 1960, visima virefu vilichimbwa kwa wingi, mashirika ya kimisionari yakiwa miongoni mwa wachimbaji, lakini pampu za chuma cha kalibu zilizofungwa juu yake zilikuwa zimebuniwa kwa matumizi ya familia moja. Zilipotumiwa na kijiji kizima zilivunjika ovyo. Mafundi wa misheni huko Jalna na Sholapur, katika jimbo la Maharashtra, hawakuondoka. Walitengeneza pampu imara zaidi, na kutokana na kazi yao, kwa ushirikiano wa UNICEF na serikali ya India, ikapatikana pampu ya India Mark II, ambayo baadaye ilienea katika nchi nyingi. Kosa la awali lilikuwa lao pia, na marekebisho yalitoka kwao kwa sababu walikuwapo kuliona kosa lenyewe. Mgeni wa wiki mbili hawezi kuliona, kwa maana pampu hutoa maji vizuri siku zote anazokuwepo.

Wakosoaji wana hoja nyingine iliyo nzito zaidi: msaada unaweza kugeuka bei ya kununulia imani. Mtu mwenye njaa akiombwa aketi kusikiliza mahubiri kabla ya kugawiwa chakula, hawezi kusemwa kwamba ameketi kwa hiari. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, za mwaka 1994, zinakataza msaada kutumiwa kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Papa Benedikto XVI naye aliandika katika waraka wake wa mwaka 2005 kwamba upendo hutolewa bure, wala si njia ya kufikia malengo mengine. Naafikiana na msimamo huo bila kusita: foleni ya kisimani haina dini. Lakini siafiki wanaotaka Mkristo aifiche imani yake kana kwamba ni aibu. Aulizwe kwa nini amekuja, ajibu kwa ukweli, na maji yatoke kwa kiwango kilekile kwa aliyependezwa na jibu na kwa asiyependezwa nalo.

Linabaki suala la fedha. Katika vikao vya kamati za maji, neno la Yesu katika Mathayo 10, «mmepata bure, toeni bure», huweza kutumiwa kupinga mchango wa kila mwezi. Nia ni njema, ila mpira wa pistoni haupatikani bure. Kanisa lina nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa mradi ukifungwa na magari ya shirika yakaondoka, waumini, mzee wa kanisa na mweka hazina wao bado wako kijijini, na wanajulikana kwa uaminifu wao au kwa kukosa kwao uaminifu.

Kwa hiyo, kanisa lolote linalochangisha fedha za kisima litenge mapema fungu la vipuri na mafunzo. Wanakijiji wawili au watatu, wakiwemo wanawake kwa kuwa ndio wanaobeba ndoo, wafundishwe kuifungua pampu na kuifunga tena kwa mikono yao wenyewe. Wafanye hivyo kabla ya siku ya uzinduzi, na spana ibaki kwao.