PM Wawili na Kibarua Mmoja

Ofisini kwetu ukisema "PM ananiita" hujasema kitu. Ni sawa na kusimama katikati ya Kariakoo ukapaza sauti, "Mangi!" Wanageuka wote.

Tunatengeneza programu ya simu ya kuagiza mtungi wa gesi. Unabonyeza, boda anakuletea, unalipa, unapika. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Tuko wanne: meneja wa bidhaa (kwa Kiingereza product manager, PM), meneja wa mradi (project manager, naye PM), dada wa michoro anayekuja Jumanne na Alhamisi, na mimi ninayeandika msimbo. Yaani mimi mmoja nina mameneja wawili. Hata ng'ombe wa mahari hachungwi hivyo.

Mama yuko Korogwe, aliniuliza kwenye simu bosi wangu ni nani. Nikamwambia wako wawili, mmoja wa bidhaa, mmoja wa mradi.

"Kumbe umefungua duka?"

"Hapana, mama."

"Basi ni mradi wa maji."

Nikasema ndiyo. Salio lilikuwa linaisha.

Kwenye karatasi mambo yamenyooka. Wa bidhaa anaamua tujenge nini na kwa nini. Wa mradi anaangalia tutamaliza lini na kwa shilingi ngapi. Sina ugomvi na karatasi. Ugomvi wangu ni kitufe cha "Agiza".

Jumatatu asubuhi Bi Bidhaa katoka Mbagala kuongea na wateja, anahema. Kasema akina mama wanabonyeza wakiwa na unga mikononi, kitufe kishushwe chini na kinenepeshwe. Hoja nzuri, nikakinenepesha. Jioni Bwana Mradi kapita nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai ya rangi.

"Hiki kitufe kimepanuka kwa idhini ya nani? Kwenye jedwali hakimo."

Nikakirudisha. Kesho yake, kabla sijakaa vizuri:

"Mbona kitufe kimekonda?"

"PM amesema."

"PM si ndiye mimi hapa?"

Hadi Alhamisi kitufe kimepanda na kushuka mara nne kama kishada. Dada wa michoro akaniuliza nina tatizo gani.

Na afadhali kila mmoja angebaki na lake. Siku hizi Bi Bidhaa ndiye anayeniuliza "itakuwa tayari lini?", tena kwa meseji za saa nne usiku. Bwana Mradi, mtu wa tarehe na bajeti, yeye ameanza kuota. Juzi tuko kwenye kikao cha asubuhi, kile cha kusimama, akafumba macho akasema, "Hivi tukiongeza na mkaa?" Mkaa! Kwenye programu ya gesi! Na kikao chenyewe kwa utaratibu ni dakika 15. Chetu kinaisha chapati za mama ntilie zimeshakwisha, na mimi miguu inawaka moto kama mlinzi wa benki.

Nikaamua kumtafuta mchawi. Nikasoma usiku kucha. Kumbe hawa wa bidhaa chimbuko lao ni sabuni! Mwaka 1931 huko Marekani, Neil McElroy wa kampuni ya Procter & Gamble alikuwa akihangaika na matangazo ya sabuni ya Camay. Akaandika waraka akitaka kila chapa iwe na watu wake wa kuibeba mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1957 huyohuyo akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Sishangai. Ukiweza kuwapatanisha watu wa bidhaa na wengine wote, jeshi ni kitu gani?

Wa mradi nao ukoo wao uko kwa mainjinia. Lile jedwali la mistari linaloninyima usingizi lina jina la Henry Gantt, mzee aliyefariki mwaka 1919. Mwenyewe amepumzika, jedwali bado linatembea.

Halafu nikafika kwenye mwongozo wa Skramu, ule utaratibu wa timu kujenga programu kidogokidogo, ambao ofisini tunaapa kwamba tunaufuata. Unasema mmiliki wa bidhaa awe mtu mmoja, si kamati. Meneja wa mradi hatajwi hata kwa bahati mbaya. Nikachapisha ukurasa, nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu, nikampelekea Bwana Mradi kwa mikono miwili kama napeleka posa.

Akasoma. Akanywa chai. "Ndiyo maana wanaoufuata wanachelewa," akasema.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ila wao walikuwa na mabaharia. Hapa mpiga kasia ni mimi peke yangu, na kasia lenyewe ni kompyuta isiyokaa chaji.

Sasa wiki iliyopita bosi mkubwa katuma ujumbe kwenye kundi: "PM mpya anaanza Jumatatu." Moyo ukapasuka. Nikauliza kwa adabu zote, PM wa nini tena, mkuu? Akajibu neno moja: "Programu."

Jamani, nilikaribia kulia. Mtu wa programu! Hatimaye nimeletewa mwenzangu! Jumatatu nikawahi kabla ya mfagizi, nikafuta meza ya jirani, nikamtafutia kiti chenye magurudumu yote, nikanunua chapati mbili na supu. Akaingia kijana nadhifu, begi mgongoni. Nikamfungulia mafaili ya msimbo, nikamwonyesha pale malipo yanapogoma.

Akayatazama kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi asiyoijua.

"Samahani, kaka. Mimi siandiki programu. Mimi nasimamia programu. Ile miradi ikiwa mingi kwa pamoja, inaitwa programu."

"Lakini sisi tuna mradi mmoja."

"Ndiyo tunaanzia hapo," akasema, akivuta bakuli la supu.

Saa tano simu ikalia, mwaliko wa kikao. Jumatano, saa nne hadi saa saba. Ajenda: nani anafanya nini. Waongozaji: PM, PM na PM. Mwandishi wa muhtasari: mimi.