Fatuma Wamejaa Wapi?

Mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike, na akika ni keshokutwa, siku ya saba. Mbuzi ameshapatikana. Kilichobaki ni jina. Yeye anataka Fatuma, jina la marehemu mama yetu, na mumewe hana neno. Wenye neno ni mawifi zake: "Fatuma tena? Fatuma wamejaa, mtoto akiitwa sokoni watageuka kumi!"

Nikafungua simu yangu nihesabu. Ninao sita: Fatuma Cherehani, Fatuma Vitumbua, Fatuma Kazini, Mama Fatuma wa Juu, Bi Fatuma mwenye nyumba, na mwingine nimemwandika "Fatuma 2", simkumbuki ni nani na kumfuta naogopa. Mawifi hawakusema uongo. Ila nilipowapitia mmoja mmoja nikagundua kwamba kati ya ninaowakumbuka, hata yule mdogo kuliko wote ameshatimiza miaka 38. Fatuma Vitumbua ana wajukuu.

Sasa njoo darasani kwa mwanangu, chekechea. Wapo Aaliyah watatu: mmoja anaandikwa Aliya, mmoja Alya, mmoja kwa a mbili mwanzoni na h mwishoni, na ukiwaita kwa sauti wote ni yuleyule. Mwalimu kaamua kuwaita kwa majina ya baba zao. Fatuma hayumo hata mmoja. Kila mzazi alijifungia chumbani kwake kutafuta jina lisilo na watu, wakaja kukutana getini kwa shule.

Ndiyo maana nasema jina lina rika lake. Marekani, ambako mamlaka ya hifadhi ya jamii hutoa orodha ya majina ya watoto kila mwaka, Jennifer lilishika namba moja kwa wasichana tangu 1970 hadi 1984, miaka 15 mfululizo. Leo Jennifer ni jina la mama mtu mzima, na kwa watoto wanaozaliwa halimo hata katika mia moja ya kwanza. Aliyelikwepa mwaka 1984 alikuwa na sababu. Anayelikwepa leo anakimbia kivuli cha shangazi yake.

Halafu kuna jambo ambalo mawifi hawakulipigia hesabu. Wengi wetu hatuna jina la ukoo, tuna la baba na la babu. Kliniki akiitwa "Fatuma Ali" wanasimama wawili, hilo nimeliona kwa macho yangu, na kadi zikabadilishana. Lakini pale Fatuma alikuwa na nusu ya kosa tu, nusu nyingine ya Ali. Huyu wetu baba yake ni Mbwana na babu yake Shekue. Fatuma Mbwana Shekue wa pili mnitafutie nyinyi.

Mahali ambapo nawapa haki yao ni kwenye jina la mama. Huyu ni mtoto wa kwanza, na kuanzia keshokutwa mtaa mzima utasahau mdogo wangu anaitwa nani; atakuwa Mama Fatuma mpaka azeeke. Na Mama Fatuma pale mtaani yupo tayari, anauza mkaa. Ugomvi wa nani kakopa dukani kwa Mangi nauona unakuja.

Lakini kwetu mtu wa jina lako hata si mgeni, ni somo yako. Mama alikuwa na somo yake Pangani, hawakuwa na udugu wowote, na kila sikukuu walipelekeana sahani. Aliyeitwa jina la peke yake hakuwahi kuletewa kitu.

Jana usiku nikawapa mawifi njia ya kati: Batuli. Ni lakabu ya Bibi Fatuma, binti wa Mtume, kwa hiyo mama yetu yumo ndani yake, na ni jina la kizamani ambalo sijalisikia likiitiwa mtoto kwa miaka. Wakalipenda. Mdogo wangu alikuwa ananyonyesha, hakuinua hata kichwa.

"Mama yangu aliitwa Batuli?"

Basi. Asubuhi nimemhariri Fatuma 2 kwenye simu, nimempa namba 3. Namba mbili ina mwenyewe.