Mwacheni binti asome mawingu

Nimesoma habari ya huyu binti wa hapa Dar anayesomea uzamivu kuhusu mawingu, na nimeumia kuona wachangiaji wanauliza ataajiriwa wapi. Jamani! Sisi wa Bonde la Msimbazi tunajua masika yakikolea Jangwani hakupitiki. Kujua wingu lipi litamwaga na lipi litapita ni kazi ngumu, tena ya lazima.

Kitone cha wingu ni kidogo mno, kiasi kwamba tone moja la mvua linahitaji vitone kama milioni moja viungane. Na kila kitone huanzia kwenye chembe: chumvi ya bahari, vumbi, moshi. Sasa tazameni jiji letu. Upepo wa Bahari ya Hindi unaleta chumvi, huku majiko ya mkaa na magari yanafuka kutwa. Chembe zikizidi, maji yaleyale hugawanyika kwenye vitone vingi vidogo zaidi, navyo hukawia kuungana. Nani atatuchunguzia hilo juu ya Kariakoo na Mbagala kama si watoto wetu wenyewe?

Dada, kaza buti. Wakubwa wa vyuo nao wampe vifaa na posho ya utafiti mapema, asilazimike kuhamia Ulaya.