Vidole vya Fiennes na pengo la Mubaraka

Katika nyumba ya wazee ninayofanyia kazi hapa Bristol kuna mzee ambaye hakumbuki tena asubuhi amekula nini, lakini habari za Ranulph Fiennes, yule msafiri Mwingereza wa nchi za barafu, anazo zote. Juzi namvisha glavu, akaanza. Mwaka 2000 bwana yule alikwenda peke yake kuelekea Ncha ya Kaskazini, mizigo yake ikatumbukia kwenye maji ya barafu, akaivuta kwa mkono mtupu na vidole vikafa kwa baridi. Madaktari wakamwambia asubiri miezi kabla ya kukatwa. Maumivu yakamshinda kusubiri, akaingia kwenye kibanda cha zana nyumbani kwake akazikata ncha za vidole vyake mwenyewe kwa msumeno. Mwenzangu wa zamu akadakia: mwaka 2003 alipatwa na shtuko la moyo akiwa ndani ya ndege, hapa hapa uwanja wa Bristol, akapasuliwa, na miezi minne baadaye akakimbia marathoni 7 kwa siku 7 katika mabara 7. Mpishi naye akatoka jikoni na lake: mwaka 2009, ana miaka 65, alifika kilele cha Everest.

Watu watatu wa umri mbalimbali, na kila mmoja anajua kwamba mkono wenyewe ni wa kushoto.

Niliudhika. Si kwa Fiennes, yule ni mume kweli na namvulia kofia. Niliudhika kwa sababu nilitaka na mimi niwape mtu wangu, nikaona kwamba hata nyumbani ningemtaja, wenzangu wangeniuliza ndiye nani.

Huku jeraha la msafiri ni mali ya watu wote. Chukueni Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Afrika. Mwaka 1844 simba alimvunja mkono wa kushoto kule Mabotsa, mfupa ukaunga vibaya. Alipofariki mwaka 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, watumishi wake kina Susi na Chuma waliikausha maiti wakaibeba hadi Bagamoyo, ikavushwa Unguja, ikapelekwa Uingereza, na London waliitambua kwa mfupa ule ule. Kwetu mtu hurudi safari na mfupa umevunjika, akapewa pole, akaambiwa ndivyo alivyoandikiwa, na habari ikaishia barazani siku ile ile. Nyumba aliyofikia Livingstone pale Kinazini kila papasi wa mjini anaijua na atakupeleka. Mwambie akupeleke kwa Sidi Mubaraka Bombay uone atakavyokutazama.

Mubaraka alikuwa Myao. Alikamatwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, akarudi Afrika akiwa mtu huru baada ya bwana wake kufa, akawa askari wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1857 alitoka pwani na wasafiri Waingereza Burton na Speke, wakaenda hadi Ujiji, na Agosti 1858 alikuwa na Speke walipoufikia ukingo wa Ziwa Nyanza (Victoria). Baada ya hapo akaingia safari ya 1860 hadi 1863 na Speke na Grant, wakaufuata Mto Nile mpaka Misri. Mwaka 1871 akaongoza watu wa Stanley, mwandishi aliyekwenda kumtafuta Livingstone. Kisha akaenda na Mwingereza mwengine, Cameron, na mwaka 1875 wakatokea pwani ya Angola, yaani kwa miguu kutoka bahari hii hadi bahari ile. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha na pensheni. Akafariki mwaka 1885.

Sasa nisikilizeni wenzangu wa Pemba. Stanley alipofika Unguja mwaka 1871 akitafuta watu waliokwisha kuijua bara, Bombay hakuwako mjini. Alikuwa kwetu, Pemba! Kutoka kisiwa chetu aliitwa, akaja. Na Stanley ameandika kwamba mtu huyu alikuwa na pengo katika meno ya juu, kazi ya ngumi ya Speke kule Uganda. Katika wazee hao hao wa safari za Speke alikuwamo Mabruki, ambaye majirani waliomwonea choyo walimfunga kwa vifundo vya mikono juu ya mti mpaka mikono ikavimba na mmoja ukafa. Kwa mikono hiyo hiyo akafunga tena safari ya bara. Fiennes amekatwa na baridi. Mubaraka amevunjwa jino na mtu ambaye yeye Mubaraka ndiye aliyekuwa akimwongoza njia, na bado akarudi njiani mara baada ya mara. Nani kati yetu amefundishwa hilo skuli?

Najua majibu yanakuja. La kwanza: Mubaraka alikuwa kibaraka, aliwafungulia Wazungu njia. Sikatai kwamba safari zile ziliwafungulia mlango wakoloni. Lakini yeye alikuwa mnyapara wa msafara, mtu aliyekwisha kuuzwa kama kitu, akifanya kazi aliyoijua. Hakukaa mezani Berlin Wazungu walipoigawa Afrika. Mbona papasi hatumlaumu anapompeleka mgeni kwa Livingstone?

La pili linaniuma zaidi kwa sababu lina ukweli ndani yake: Wazungu taabu wanaifuata kwa starehe, sisi taabu inatufuata wenyewe. Haya. Lakini ami yangu alikuwa mvuvi wa dago, wale wanaohamia kambi za mbali kuvua. Aliwahi kuachiwa nafasi ya kuuza duka Wete, akaikataa, akafuatana na watu wa Kojani hadi pwani ya Kenya, na mwaka mwingine Mafia, kulala kwenye vibanda vya makuti miezi mitatu minne. Hakuna aliyemlazimisha. Foromali, ule mti unaoshika tanga, ilimwangukia begani upepo ulipogeuka ghafla, wakamfunga kwa vitambaa vya tanga hadi kwa mganga wa mifupa, na kaskazi iliyofuata yumo chomboni, anavuta kamba kwa mkono mmoja na meno. Haya sikuyasikia kwake. Niliyasikia matangani, kwa wenzake wa chombo, akiwa ameshazikwa. Nilikua nikiona bega lake limeshuka na nikidhani amezaliwa hivyo. Mtu kama huyo Uingereza angekuwa na kibao ukutani.

Mwengine atasema nimekaa ughaibuni nimesahau dini, kwamba mja akipatwa husubiri na kunyamaza, kusimulia dhiki ni kulalamika. Ndugu yangu, Nabii Ayub tungeujuaje ugonjwa wake na subira yake kama hatukusimuliwa? Nabii Yunus ndani ya tumbo la samaki? Tumesomeshwa hayo chuoni tukiwa hatujaota meno ya pili. Subira iliyosimuliwa imewafundisha watu wangapi?

Na yule wa "umeshakuwa Mzungu," sikiliza. Sijasema huku ni bora. Mzee huyu wa habari za Fiennes anakaa kutwa akitazama mlango, na mwanawe haji. Ami yangu siku zake za mwisho hakukosa mtu wa kumshika mkono, nyumba ilikuwa inafurika watu kutoka alfajiri hadi isha, na mimi hilo nalionea fahari mbele ya yeyote hapa kazini. Tunajua kumtunza mtu kuliko hawa. Ndiyo maana inanikera zaidi. Watu wanaoweza kukaa na mgonjwa usiku kucha wanashindwaje kumuuliza, bega hili limekuwaje?

Kwa hiyo nimemwomba mdogo wangu avuke kwenda Kojani na simu yake, awarekodi wazee wa dago. Watatu amewapata. Wawili wamekubali. Wa tatu, aliyepoteza jicho kwa ndoana, anasema kwanza aambiwe nani atakayesikiliza. Nimemjibu mdogo wangu amwambie: mimi, wanangu wawili waliozaliwa na wanaokulia huku, na kila mwalimu wa historia wa Pemba atakayekubali kupokea rekodi hizo. Mwalimu mmoja wa Chake Chake ameshakubali.