Usinipe CBM Tupu, Nipe Vipimo Vitatu

Nilipoanza kuagiza mabegi kutoka Guangzhou, risiti ya kwanza niliyopewa na wakala wa mizigo ilikuwa na mstari mmoja tu: katoni 10, CBM 1.47 (yaani mita za ujazo, ambazo ndizo hulipiwa nauli). Nikalipa, nikapakia mzigo kwenye Kirikuu, nikarudi Kariakoo. Jioni, nikiwa napanga stoo, nikachukua futi kamba nikapima katoni moja. Urefu sentimita 60, upana 50, kimo 40. Nikapima ya pili, ya tatu, mpaka zikaisha zote kumi. Kila nikipiga hesabu inakuja 1.2.

Kesho yake nikarudi kuuliza. Nikaambiwa kwamba kule ghalani katoni zilikuwa zimetuna, na mpimaji hupima pale palipotuna zaidi. Kwa taratibu za usafirishaji, jibu hilo halina kosa. Katoni hupimwa kwenye ncha zake za mbali kabisa, maana hiyo ndiyo nafasi inayoishika ndani ya kontena. Na mabegi hutulia yakikandamizwa wiki kadhaa baharini. Katoni yenye 63 kwa 53 kwa 44 kweli inatoa 0.147. Sentimita tatu upande huu, tatu ule, nne juu, na kwa katoni kumi umeshalipia 0.27 ya ziada. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba sikuwa na njia ya kuhakiki. Namba 1.47 haisemi katoni ipi ilituna, ilituna upande gani, wala kama ilituna kweli.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: risiti yoyote ya mzigo inayotaja CBM bila kuonyesha urefu, upana na kimo cha kila katoni haijakamilika, na mfanyabiashara ana haki ya kuikataa. Mawakala hujitetea kwamba mizigo ni mingi na muda hautoshi. Sikubaliani nao hata kidogo. Huwezi kupata CBM bila kwanza kushika vipimo vitatu, na mtu wa ghalani alishavichukua. Kuviandika ni kazi ya sekunde chache.

Na sisi wanunuzi tujue hesabu yenyewe. CBM moja ni mita moja ya ujazo. Zidisha sentimita za pande tatu, kisha gawa kwa 1,000,000. Nimeona wenzangu wakigawa kwa 100 kwa kuwa mita moja ina sentimita 100, wanapata namba ya ajabu, wanakata tamaa na kumwachia wakala kila kitu. Lakini pande ni tatu, na mia mara mia mara mia ni milioni. Ikikuchanganya, geuza kwanza ziwe mita: 0.6 mara 0.5 mara 0.4 ni 0.12. Kiwanda kikikutumia vipimo vya inchi, zidisha kila kimoja kwa 2.54 kabla ya kuendelea.

Kwa ndege watu hudhani ujazo hauna kazi kwa sababu bei ni ya kilo. Unayo kazi, tena kubwa. Shehena ya ndege kwa kawaida hupigiwa uzito wa ujazo: sentimita za pande tatu zikizidishwa, hugawanywa kwa 6000, na kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5000. Katoni yangu ileile ni kilo 20 kwa hesabu ya kwanza, kilo 24 kwa ya pili. Ukijaza humo mito ya kochi yenye kilo 8, hutalipia 8, kwa sababu kati ya uzito wa mizani na uzito wa ujazo hutozwa ule mkubwa. Baharini mambo hugeuka kwa mwenye mzigo mzito. Kwa mizigo inayochangia kontena, kipimo kilichozoeleka ni kwamba CBM moja inalingana na tani moja, na kikubwa ndicho kinacholipiwa. CBM moja ya vigae inakaribia tani mbili, kwa hiyo muuza vigae apambane na mizani. Sisi wa mabegi, mito na vyombo vya plastiki tunapambana na futi kamba.

Nafasi ya kuokoa iko kiwandani, kabla gundi haijapita juu ya katoni. Masanduku ya safari huuzwa kwa seti, dogo ndani ya la kati, la kati ndani ya kubwa, na mabegi ya shule ya saizi tofauti yanaweza kupangwa vilevile ukisema mapema. Mito hukamuliwa hewa kwenye nailoni. Mikoba ya mkononi hujazwa karatasi ili isipoteze umbo, na hapo mimi siondoi kitu: mkoba uliojikunja mgongo hauuziki, afadhali nilipie hewa. Zulia lililoviringishwa hupimwa kana kwamba ni boksi, kipenyo mara kipenyo mara urefu, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja kwa tano ya unacholipia ni pembe tupu.

Nauli hiyo haiishii kwa wakala. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo wa baharini, ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli, hivyo ujazo uliozidishwa ghalani unakufuata mpaka bandarini.

Siku hizi, kabla sijalipa kiwanda, nauliza saizi ya katoni na idadi ya mabegi ndani yake, napiga hesabu yangu na kuiandika daftarini. Wakala ninayefanya naye kazi sasa hunitumia picha za katoni zikiwa na futi kamba juu yake. Mzigo wangu wa mwisho ulikuwa katoni 14. Daftari lilisema 1.68, ankara ikaja na 1.71. Nikashuka mstari kwa mstari: katoni ya 6 na ya 11 zilikuwa na kimo cha 45 badala ya 40, na picha zake zilikuwepo. Nikalipa bila neno.