Jioni ya kwanza ugenini msiiwekee ratiba

Hili nimekaa nalo moyoni tangu tulivyorudi safari na nimeona niliandike tu. Kama mnasafiri wawili, mume na mke au wachumba, mnaenda mji wa nchi nyingine ambao hamjawahi kukanyaga, naomba ile jioni ya kufika msiipangie kitu. Msibuku meza ya chakula, msinunue tiketi, msiahidi rafiki kwamba mtaonana naye. Mkifika mmefika, mkioga mmeoga, basi.

Sisi tulienda Lisbon, kule Ureno, mwezi wa sita. Mume wangu alikuwa na orodha kwenye simu, kila siku na saa zake, na siku ya kwanza ilikuwa imejaa kama zile zingine. Ndege inatua saa kumi na moja jioni, saa kumi na mbili tuko hotelini, saa mbili na nusu meza inatusubiri kwenye mgahawa mmoja alioutafuta wiki nzima, baada ya hapo tunatembea kando ya mto. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini ratiba kama hiyo haina foleni ya pasipoti ndani yake, haina kusubiri mabegi, haina kusimama mbele ya mashine ya tiketi za metro, zile treni za chini ya ardhi, mnabonyeza mnarudi nyuma mnabonyeza tena huku watu wamejipanga mgongoni kwenu. Uwanja wa ndege wa Lisbon uko ndani ya mji kabisa na metro inaanzia hapo hapo, laini nyekundu, unabadilisha kituo cha Alameda unaingia ya kijani, kwahiyo kiukweli ni moja ya miji rahisi kufika. Na bado tulitokea Rossio, kituo cha katikati ya mji, saa moja na robo usiku, tumechoka mpaka macho yanawasha.

Hotel tuliichagua kwa picha. Iko Alfama, ule mtaa wa zamani uliopanda mlima, madirisha yanaangalia mto Tejo, na ramani ikasema kutoka Rossio ni dakika kumi na tano kwa miguu. Hapa ndo nataka nikae kidogo, kwasababu watu wengi wanaingia kwenye shimo hili na sio kosa lao. Tarehe 1 Novemba 1755 Lisbon ilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi, likafuata wimbi la bahari na moto, na sehemu ya chini ya mji ikaisha. Wakaijenga upya chini ya yule waziri anayejulikana kama Marquês de Pombal, barabara zimenyooka kama zimepigwa rula, ukitembea Baixa, ndo hiyo sehemu ya chini, leo unaona kabisa. Alfama ikanusurika kwa sehemu kubwa, kwahiyo imebaki na vichochoro vyake vya enzi hizo, vimejipinda, ngazi juu ya ngazi, hakuna mtu aliyekuja kuvinyoosha. Ramani ya simu inakuhesabia mita tu. Haikwambii kwamba unapanda, wala kwamba chini kote ni calçada, vile vijiwe vidogo vya chokaa vilivyosuguliwa na miguu ya watu mpaka vinateleza, na begi la magurudumu juu ya vijiwe vile ni kelele na kukwama, kukwama na kelele.

Dakika kumi na tano zikawa karibu arobaini. Tulipopita pale kanisa kuu la Sé gurudumu moja la begi langu likakatika, mume wangu akalibeba begani bila kusema neno, na mimi ninamjua, akikaa kimya vile ujue kuna kitu anakimeza. Ile tramu namba 28 ikatupita imejaa watu hadi mlangoni. Nikasema "si tungechukua teksi". Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa lakini yeye akaisikia kama lawama, na kwa kweli ilikuwa lawama.

Mapokezi wanatabasamu, wanataka pasipoti zote mbili, kadi, na kodi ya jiji ambayo Lisbon ni euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, hiyo mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni. Mume wangu alikuwa hana habari ya kodi, mimi nilikuwa nimeisoma mahali nikasahau kumwambia. Afu wakasema wanafunga hela kidogo kwenye kadi kama dhamana. Hii watu waielewe vizuri: hawaikati, wanaishikilia, lakini kama kadi yako ni ya benki ya kawaida inayotoa kwenye akaunti moja kwa moja, ile hela huwezi kuitumia mpaka waiachie na inaweza kuchukua siku kadhaa baada ya nyie kuondoka. Tukaanza kuulizana pale pale mbele ya yule dada kadi ya nani itumike, yako au yangu, mbona tulikubaliana hivi, hapana hatukukubaliana. Mambo ya mezani nyumbani tukayafanyia kaunta ya watu. Niliumia sana, na nikimwangalia mume wangu naona na yeye anaumia.

Lifti hakuna, majengo mengi ya kule ni ya zamani. Ghorofa ya nne. Tukafungua mlango tukakuta vitanda viwili vyembamba vimesogezwa pamoja, shuka mbili tofauti, katikati kuna ufa. Kumbe tulipobuku pameandikwa chumba cha watu wawili, na chumba cha watu wawili kinaweza kuwa kitanda kimoja kikubwa au vitanda viwili, inategemea walichonacho siku hiyo. Kama mnataka kitanda kimoja waandikieni kabla, ujumbe mfupi tu, wakijibu muutunze.

Saa ilikuwa mbili na dakika kumi. Mume wangu anavua shati anatafuta lingine, anasema tuna dakika ishirini tutawahi. Mimi nimekaa kwenye kile kitanda viatu sijavua. Nikamwambia siendi popote. Akasema "mke wangu, nimebuku wiki tatu zilizopita". Nikamjibu vibaya, nikamwambia hii safari ni yako na simu yako, mimi nimekuja kubeba mabegi.

Hakunijibu. Akakaa kwenye kitanda cha pili. Dirisha lilikuwa wazi, na nakumbuka kitu kilichonishangaza ni lile jua, kule mwezi wa sita linazama saa tatu usiku, yaani unasema usiku na jua liko pale linawaka kwenye maji ya mto. Tulikaa tunaangalia. Halafu akaniambia, taratibu, kwamba miaka mitatu amekuwa anaweka hela pembeni kwa ajili ya hii safari, na kila akipata nafasi anaongeza kitu kwenye ile orodha, kwahiyo ile orodha kwake sio ratiba, ni vitu alivyokuwa ananiwekea mimi. Nililia. Miaka tisa ya ndoa na hilo sikuwa nalijua.

Akapiga simu kuifuta meza. Tukaoga, tukashuka na ndala, tukanunua mkate, jibini na maji kwenye kiduka cha karibu, tukaenda kula tumekaa kwenye ukuta pale Portas do Sol, sehemu ya wazi ya kuangalia mto, mpaka giza likaingia. Hatukupiga picha hata moja. Akiniuliza mtu Lisbon nilipenda nini, napenda ule ukuta.

Usiku wenyewe hatukulala vizuri na hilo nalo lina maelezo yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani walichapisha kwenye jarida la Current Biology kwamba mtu akilala sehemu ngeni usiku wa kwanza, upande wa kushoto wa ubongo haulali fofofo kama upande wa kulia, unabaki unasikiliza sauti kama mlinzi, na watu wale wale walipolala tena pale pale siku nyingine hali hiyo ikawa haipo. Kwahiyo mkiamka asubuhi ya kwanza mmechoka msiseme hotel mbaya au mwenzangu anakoroma zaidi siku hizi. Mwili unafanya kazi yake. Ndo maana tiketi ya makumbusho ya saa tatu asubuhi siku ya pili mimi naiona ni makosa yale yale yaliyovuka usiku.

Najua nitajibiwa kwamba hela ni za shida, siku zenyewe tatu nne, kila saa imelipiwa, utakaaje chumbani jioni nzima. Naelewa, sisi pia hela zetu ni za kuhesabu. Lakini jiulizeni hiyo jioni mnainunua kwa gharama gani hasa. Watu wawili waliochoka, njaa imepanda, lugha hawaijui, njia hawaijui, na kila mmoja anataka mwenzake awe na majibu: hapo hata mji uwe mzuri vipi hamuuoni, mnaonana nyie wenyewe na ubaya wenu. Jioni mnaweza kuifidia kesho. Neno ulilomwambia mwenzako kwenye ghorofa ya nne unalikumbuka mpaka leo, mimi nalikumbuka.

Kama hela ya kuongeza ipo, iwekeni kwenye usiku huo wa kwanza, mlale karibu na kituo mnachoshukia, sehemu tambarare, yenye lifti, hata kama dirisha linaangalia ukuta. Hiyo hotel ya picha hamieni kesho yake mkiwa na nguvu. Ulizeni kabla mapokezi wanafunga saa ngapi, maana hotel ndogo nyingi usiku hakuna mtu. Mkubaliane kadi ya nani na nani anashika pasipoti mkiwa bado nyumbani mmeshiba. Na mashine ya ATM ikikuuliza kama ikubadilishie kwa hela ya kwenu, kataa, chagua hela ya pale pale, kwasababu kile kiwango wanachokupa wao mara nyingi kinakuumiza.

Ule mgahawa tuliupata usiku wa tatu. Tulienda kwa miguu, polepole, mabegi yako chumbani, tukafika saa nne kasoro na hakuna aliyetuuliza mbona tumechelewa.